Nani Alilisha Jeshi? Uhakiki wa Istilahi za Majeshi ya Dola Changa za Bara

Utangulizi

Tangu somo la Historia ya Tanzania na Maadili lianze kufundishwa kwa Kiswahili, meza yetu ya istilahi hupokea rasimu nyingi za vitabu vya ziada vya historia. Waandishi wake hutuomba tuyapitie maneno na kusema lipi linafaa na lipi halifai. Aghalabu kazi hii ni nyepesi. Neno likiwa limekwisha sanifiwa, tunalithibitisha. Likiwa bado, tunapendekeza. Lakini mara nyingine hufika rasimu ambayo maneno yake yote ni sanifu, na hata hivyo haisemi kweli. Makala haya yanahusu rasimu ya namna hiyo.

Hatutaitaja rasimu yenyewe wala mfasiri wake, kwa kuwa makosa tutakayoyaeleza si yake peke yake. Mojawapo ni letu, na tutalikiri mahali pake. Sura tuliyoishughulikia inaeleza jinsi dola zilizozuka bara katika karne ya 19 zilivyopata majeshi na jinsi zilivyoyatunza. Mfano wake mkuu ni dola ya Nyungu ya Mawe katika Ukimbu, nchi ambayo upande wake wa mashariki umo leo katika Mkoa wa Singida, Wilaya ya Manyoni, pande za Itigi na Rungwa.

Hoja yetu ni moja. Dola changa haikuwa na hazina, wala bohari, wala daftari. Mfasiri anayeieleza kwa istilahi za hazina, bohari na daftari humficha mtu aliyelipa gharama ya jeshi. Mtu huyo alikuwa mwanakijiji, na wajukuu wake ndio wanafunzi watakaokisoma kitabu.

Historia kwa ufupi

Nyungu alikuwa wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Mtemi Mnywa Sele alipogombana na Waarabu wa Unyanyembe, akashindwa, akauawa mwaka 1865, Nyungu aliondoka na wafuasi wake kwenda kutafuta nchi. Katika miaka ya 1870 aliteka Kiwele katika Ukimbu, akaifanya makao yake. Jina lenyewe, Nyungu ya Mawe, ni la kujisifu: chungu cha mawe, kisichovunjika.

Ukimbu wakati huo ulikuwa nchi ya misitu na vijiji vidogo vilivyotawanyika, chini ya watemi wadogo waliozidi 30. Nyungu alipofariki Desemba 1884, sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa chini ya mamlaka moja. Mwezi huohuo alifariki Mirambo wa Urambo, aliyejijengea dola yake kwa njia zilizofanana na hizo. Dola ya Mirambo ilianza kulegea upesi baada ya kifo chake. Dola ya Nyungu ilirithiwa na binti yake, Mgalula, nayo ikaendelea kusimama hadi Wajerumani walipofika katika miaka ya 1890. Tutaona kwamba tofauti hiyo imo ndani ya neno moja ambalo rasimu imelifuta.

Mengi katika haya yametokana na masimulizi ya Wakimbu yaliyokusanywa katika miaka ya 1960 na Aylward Shorter, ambaye kitabu chake kuhusu utemi wa Wakimbu kilitoka mwaka 1972. Masimulizi hayo yalisemwa kwa lugha ya wenyeji, yakaandikwa kwa Kiingereza, na sasa yanarudi kwetu kwa Kiswahili. Katika safari ndefu namna hiyo mzigo hupungua njiani.

Kupata watu

Rasimu inasema kwamba Nyungu “aliinua jeshi”, na mahali pengine kwamba “aliandikisha vijana”. Usemi wa kwanza ni tafsiri sisisi. Katika Kiswahili huinuliwa mzigo, au bendera, au hali ya maisha. Jeshi huundwa, au hukusanywa. Kosa hilo lilikuwa jepesi kulisahihisha.

Usemi wa pili ni wa hatari zaidi kwa sababu ni Kiswahili fasaha. Kuandikisha kunadai pawepo karani, daftari, na raia mwenye jina na kijiji chake, anayeweza kuitwa na kuachiliwa. Rugaruga hawakuandikwa popote. Walikuwa vijana wasiooa, mateka wa vita, watumwa waliotoroka, na wapagazi walioiacha misafara yao. Wengi walikuwa wamekwisha kutengana na koo zao, na hiyo ndiyo sababu mtawala mpya aliwapenda, kwani mtu asiye na ukoo hana mwingine wa kumtii. Mtemi wa asili aliwaita wanaume wa nchi yake, wakapigana, wakarudi mashambani. Mtawala mpya hakuwa na nchi ya kuita. Alianza na kundi, kisha kundi likamtafutia nchi.

Baadhi ya waandishi, wakiliona tatizo hili, huwaita rugaruga “mamluki”. Neno hili nalo halifai. Mamluki, kwa maana iliyozoeleka katika Kiswahili, ni askari wa kigeni anayepigana kwa ujira. Rugaruga hakuwa na ujira uliopatanwa. Alikuwa na fungu la ngawira, alipolipata. Na hapa msomaji aangalie jambo la kufikirisha. Katika Kiarabu, lilikotoka neno hili, maana yake ni mtu anayemilikiwa, naye alikuwa askari mtumwa. Kwa maana hiyo ya asili, baadhi ya rugaruga walikaribiana nalo kuliko kwa maana tuliyolipa sisi. Lakini neno hufuata matumizi ya wasemaji wake wa leo, na mwanafunzi wa Singida akisoma “mamluki” ataona mtu aliyekuja kwa hiari yake kutafuta fedha.

Masimulizi ya Wakimbu yanatuambia pia neno alilolitumia Nyungu mwenyewe. Wapiganaji wake aliwaita mapimpiti, yaani magogo, na katika vita aliamuru magogo mengine yaongezwe. Rasimu imelitafsiri neno hili kuwa “wapiganaji wake shupavu”. Tunasikitika kusema kwamba hapa mfasiri amemsaidia mtawala kuliko mwenyewe alivyojisaidia. Gogo halisifiwi ushupavu. Hutiwa motoni likaungua, likatafutwa jingine. Neno moja la Kikimbu linaeleza hesabu nzima ya watu katika dola changa, na lilistahili kuachwa kama lilivyo, likafuatiwa na maelezo ya mstari mmoja.

Kulisha na kuhami

Sasa tunafika kwenye kosa letu. Miaka michache iliyopita sisi tunaoandika makala haya tuliulizwa neno la Kiswahili litakalojumlisha kazi ya kulipatia jeshi chakula, silaha na uchukuzi. Tulijibu bila kusita: ugavi. Mfasiri wa rasimu amelifuata jibu letu, na kichwa cha sehemu yake ya pili kinasema “Ugavi wa Jeshi la Nyungu”.

Ugavi ni neno zuri. Wataalamu wa ununuzi na ugavi wanalitumia kila siku, na hatuna nia ya kuwanyang'anya. Lakini limetokana na kugawa, na agawaye ni lazima awe nacho kwanza. Neno hili huanzia ghalani na kushuka kwa askari. Halisemi ghala lilijazwaje.

Tulipokuwa Manyoni katika kazi ya kukusanya msamiati, tulimsomea mzee mmoja Mkimbu sehemu hiyo ya rasimu. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza, “Wanangu, hilo ghala lake lilikuwa wapi?” Tukamwambia kwamba kitabu hakisemi. Akasema, “Hakisemi kwa sababu halikuwapo. Ghala lilikuwa nyumba ya bibi yangu.” Tulirudi ofisini na swali hilo, nasi tumeandika makala haya ili kulijibu.

Nchi yenyewe haikuwa na akiba kubwa ya chakula. Kati ya Ugogo na Unyanyembe lilikuwako pori la Mgunda Mkali, ambalo kwa sehemu kubwa limo katika Manyoni ya leo. Burton na Speke walilivuka mwaka 1857, naye Stanley akalivuka mwaka 1871. Misafara ililiogopa kwa uhaba wa maji na kwa sababu ilibidi kubeba chakula cha siku nyingi. Jeshi kubwa lisingeweza kukaa mahali pamoja katika nchi kama hiyo. Lilipaswa kutembea, au kugawanyika, au kufa njaa. Chakula na silaha zake zilitoka katika njia nne, na kila njia ina maneno yake.

Ya kwanza ni ngawira: ng'ombe, nafaka na watu waliotwaliwa vijijini na misafarani. Rasimu inasema jeshi “liliishi juu ya nchi”. Msomaji wa Kiswahili atashangaa, kwani sote tunaishi juu ya nchi. Mfasiri amefuata usemi wa kigeni neno kwa neno, na mtendwa amepotea ndani yake. Kiswahili kinayo njia iliyo wazi: jeshi lilijilisha kwa mali ya wenyeji. Hatari ya njia hii iliwapata wageni pia. Mwaka 1878 mhandisi wa misheni ya Kiingereza, William Penrose, aliuawa na rugaruga katika pori hilohilo.

Ya pili ni hongo. Hapa yapasa walimu wawe macho sana. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa malipo yaliyojulikana na kupatanwa, ambayo msafara ulimpa mwenye nchi ili upite na kuchota maji. Ilihesabiwa kwa doti za merekani na kaniki, kwa shanga na nyaya, na Wagogo waliitoza waziwazi. Leo neno hilohilo maana yake ni rushwa. Mwanafunzi anayesoma kwamba “Nyungu alidai hongo” ataelewa kwamba alikuwa mla rushwa. Rasimu imejaribu kuepa kwa kuandika “kodi”, lakini kodi hutozwa raia, na wenye misafara hawakuwa raia wa Nyungu. Ushuru ungekaribia zaidi, ila unaleta picha ya forodha na stakabadhi. Kwa maoni yetu neno la kale lirudishwe na kupewa sifa ya kulilinda: hongo ya njia.

Ya tatu ni jembe. Njia hii rasimu haikuitaja kabisa, nayo ndiyo ya bibi wa yule mzee. Vijiji vilivyotiishwa viliwalisha rugaruga waliokaa kati yao, na mateka, hasa wanawake, walilima. Mtama uliolimwa, ukatwangwa na kupikwa na wanawake hauonekani katika neno ugavi. Umo katika neno kulisha, ambalo kila mtoto analijua.

Ya nne ni pembe. Baruti, fataki na magobori havikutengenezwa Ukimbu. Vilitoka pwani kwa misafara, na malipo yake yalikuwa pembe za ndovu. Pembe zilileta baruti, na baruti ikawezesha kushika nchi ya ndovu na njia ya biashara, na nchi hiyo ikatoa pembe tena. Rasimu inasema “silaha za kisasa” na “risasi”. Gobori hushindiliwa baruti na risasi kwa mdomo na kuwashwa kwa fataki, na anayelitegemea gobori anamtegemea mchuuzi wa baruti kila mwezi. Maneno yakiwa mahususi, utegemezi huo unaonekana. Yakiwa ya jumla, mtawala anaonekana kama aliyejitosheleza.

Kusimamia

Je, kwa nini dola hii haikufa na mwenyewe? Rasimu inasema kwamba Nyungu aliigawa nchi yake na kuweka “wakuu wa mikoa”. Neno la Wakimbu ni mtwale, kwa wingi watwale.

Hatukatai kwamba msomaji anamjua mkuu wa mkoa, na kwamba ni vema kumwendea msomaji kwa anachokijua. Lakini mkuu wa mkoa ana ofisi, ana mshahara kutoka makao makuu, na posho yake hushuka kutoka juu. Mtwale alikuwa kinyume chake. Aliwekwa na Nyungu juu ya watemi wadogo kadhaa akiwa na rugaruga wake. Watu hao walijilisha hapohapo. Na pembe zilizopatikana katika eneo lake alizikusanya na kuzipeleka Kiwele. Kwa maneno mengine, chakula kiliishia kwa mtwale, na pembe ziliendelea hadi kwa mtawala. Jeshi halikukusanyika mahali pamoja likaimaliza nchi. Lilitawanywa, na kila kundi likafungwa na eneo lake.

Asili ya neno hili inasaidia kulielewa. Waha wanalo, na Wanyarwanda husema umutware. Mzizi wake ni ndugu wa kitenzi chetu twaa. Mtwale ni mtwaaji na mchukuzi wa mamlaka kwa pamoja. Nyungu alipofariki, watwale walibaki kila mmoja mahali pake, na Mgalula akarithi mfumo unaotembea. Mwanafunzi akisoma “wakuu wa mikoa” atadhani kwamba hayo ni ya kawaida tu, kwa kuwa kila serikali ina wakuu wa mikoa. Akisoma “watwale” na kuelezwa kazi yao, ataona kwamba hapo palikuwa na uvumbuzi, na pia kwamba uvumbuzi huo ulibebwa na vijiji.

Wasiokubaliana nasi husema kwamba maneno ya lugha za makabila yatakijaza Kiswahili mambo ya mahali pamoja. Tunawakumbusha neno Ikulu. Limetoka bara, ambako Wanyamwezi walilitumia kwa makao ya mtemi, na leo hakuna Mtanzania anayeliona kuwa la mahali pamoja. Mtemi nalo ni hivyohivyo. Kikimbu, Kinyaturu, Kinyiramba na Kigogo, lugha zinazosemwa katika Mkoa wa Singida, ni visima vya Kiswahili. Haifai kukata kiu yetu kwa maji ya mbali kabla ya kuchota katika visima hivyo.

Neno huendelea na safari

Tusidhani pia kwamba maneno haya yalikufa na dola zilizoyatumia. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, Wajerumani waliwatumia wapiganaji wasio wa jeshi rasmi kando ya askari wao, wakawaita rugaruga. Hivyo neno liliacha kumtaja mtu wa Nyungu au wa Mirambo, likawa la mpiganaji yeyote asiye na sare. Kitabu kinachotumia neno hili kwa nyakati zote mbili bila maelezo kinawachanganya watu wa aina mbili.

Katika vita hivyo majeshi yote mawili, ya Wajerumani na ya Waingereza, yalitwaa nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nazo ziliposhindwa, Ugogo, pamoja na upande wake ulio Manyoni, uliingia katika njaa ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya. Dola hizo mbili zilikuwa na hazina, bohari na daftari. Hata hivyo chungu kilichokwisha ni kilekile cha kijijini. Na wale wapagazi waliobeba posho ya majeshi wametuachia jina moja linalotamkwa kila siku sokoni Dar es Salaam bila kukumbukwa asili yake: Kariakoo, kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi.

Mapendekezo

Kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaoandika juu ya majeshi ya dola za karne ya 19, tunapendekeza yafuatayo:

(a) Kuunda jeshi au kukusanya wapiganaji litumike kwa jumla. Kuandikisha liachiwe majeshi yenye daftari.

(b) Rugaruga libaki kama lilivyo, na kipindi kinachohusika kitajwe. Mamluki lisitumike kwa maana yake.

(c) Ugavi litumike pale tu ambapo kuna ghala linalogawa. Kwa dola changa tuseme kulisha jeshi na kulipatia silaha, na kila mara sentensi imtaje anayelisha. Kwa hili tunabatilisha jibu letu la awali.

(d) Kujilisha kwa mali ya wenyeji lishike mahali pa “kuishi juu ya nchi”.

(e) Hongo ya njia litumike kwa malipo ya misafara, ili litengwe na hongo ya leo.

(f) Mtwale lisanifiwe kama istilahi ya historia.

(g) Gobori, baruti na fataki vitajwe kwa majina yake badala ya “silaha” tupu.

Tunawapendekezea haya hata waandishi wa riwaya wanaobuni falme zisizopata kuwako, ambao nao siku hizi hutuomba maneno. Ufalme wa kubuni nao una askari wenye njaa. Mwandishi anayejua ni nani hupika uji wa askari hao atakuwa na ufalme unaoaminika, na maneno yatamjia bila taabu.

Hitimisho

Rasimu tumeirudisha kwa mfasiri ikiwa na masahihisho haya, pamoja na maelezo kwamba Kiswahili chake hakina dosari ya sarufi. Kwa kawaida hukumu ya namna hiyo ingetosha kuipitisha. Safari hii haikutosha, na tunadhani haipaswi kutosha tena. Istilahi hupimwa kwa usanifu wake, kwa ufupi wake, na kwa urahisi wa kunyambulika. Kwa maneno ya utawala na vita tunaomba kiongezwe kipimo cha nne: je, neno hili linamwonyesha aliyetoa, au linamwonyesha aliyepokea tu? Tunawaomba wasomaji, hasa walimu walioko Manyoni, Itigi na Iramba, watuletee maneno ambayo wazee wao waliyatumia kwa chakula kilichotwaliwa na jeshi. Yule mzee wa Manyoni alikuwa nalo moja, lakini jua lilikuwa limekwisha tua, akatuambia tumrudie.